Mbegu Iliyobaki Kikapuni

Siku hizi nina wageni wengi kuliko nilivyokuwa nao nilipokuwa na nguvu. Wanatoka Dar es Salaam kwa gari, wanasimama Bagamoyo kula samaki, halafu wanaifuata njia ya vumbi mpaka huku kwetu upande wa Mkange na kuteremka wakijikung'uta. Kazi yetu wanaiita kilimo hai. Mara ya kwanza niliposikia niliwauliza kama kuna kilimo maiti, wakacheka sana, mmoja akanipiga picha.

Wanachotaka kwangu ni zamani. Wanataka niseme kwamba mama zetu walilima bila sumu, wakala chakula safi, wakazeeka na meno yao yote. Nikianza kusema jambo jingine, wanatazamana. Basi nimejizoeza kuwapa wanachokitaka: majivu, moshi, majani, samadi ya mbuzi. Wanaondoka wamefurahi na mimi nabaki na hasira ambayo sijui niimalizie wapi. Haya ninayoyaandika hapa sijawahi kuwaambia.

Mwaka ninaousema Waingereza walikuwa bado wanatawala, na mimi nilikuwa mkubwa wa kutosha kushika jembe lakini si wa kutosha kuozwa. Nyumbani tulikuwa wanne: mama, bibi mzaa mama, mimi, na mdogo wangu wa kiume ambaye alikuwa bado anajifunza kusema. Baba alikuwa kwenye mashamba ya mkonge, na salamu zake zilitufikia mara chache kwa midomo ya watu. Shamba lilikuwa la upande wa bibi, likaja kwa mama, na kwa desturi yetu lingekuja kwangu. Mwanamume aliyeoa kwetu alilima akiwa mgeni.

Ulikuwa mwaka wa njaa. Masika ilinyesha kidogo ikakata, mahindi yakafa yakiwa kimo cha kifua. Vuli ikapita juu yetu kwenda kunyesha kwingine. Tulikula muhogo mtamu, tukala muhogo mchungu, kisha bibi akatuongoza porini kuchimba ndiga. Ndiga ni kiazi cha porini chenye sumu. Ukikila hivi hivi kinakuangusha. Lakini bibi alijua kukikata vipande vyembamba, kukiloweka, kumwaga maji, kukiloweka tena, na kila siku kukionja kwa ncha ya ulimi mpaka uchungu uishe. Uchungu ukiisha, sumu imeisha. Alitulisha ndiga siku nyingi na hakuna aliyeumwa hata tumbo.

Mdogo wangu ndiye hakuweza. Maziwa ya mama yalikauka kabla ya wakati wake wa kuachishwa, na ndiga haikumjenga. Nywele zake zikawa nyekundu na laini, miguu ikavimba, na akaacha kulia, jambo lililotutisha kuliko kilio. Kila Ijumaa bibi alimnyanyua kwa mikono miwili, akaupima uzito wake, akamshusha. Mama hakumtazama mtoto wakati huo. Alimtazama bibi usoni.

Mama alikuwa na wazo moja tu kichwani, nalo alilisema wazi, alilisema kisimani, alilisema hata anapochanja kuni: mtoto huyu afike kwenye mahindi mabichi. Akiyafikia mahindi mabichi amepona. Mengine yote, baba, kodi ya baba, paa linalovuja, aliyaweka kando.

Tatizo ni kwamba mahindi mabichi yanataka mbegu, na mbegu tulikuwa tumeila.

Niseme mbegu ilivyokuwa inakaa nyumbani kwetu. Wakati wa mavuno bibi alichagua mabunzi manene ya mahindi, akayaacha na maganda yake, akayafunga mawili mawili na kuyatundika juu ya meko. Pale yalikaa mwaka mzima katika moshi mpaka yakawa meusi, na mdudu hakuyasogelea. Kunde na mtama vilipukuchuliwa na kutiwa mtungini pamoja na majivu na unga wa utupa. Utupa ni kichaka tu, kinaota mipakani mwa mashamba. Majani yake mama zetu waliyaponda, na mto ulipopungua waliyamwaga kwenye madimbwi, samaki wakaelea juu wamelewa, tukawaokota kwa mikono. Tuliwaosha, tukawapika, tukala. Punje zilizokaa na utupa nazo vivyo hivyo: ukitaka kupanda unapanda, ukitaka kula unaosha. Hiyo ndiyo iliyokuwa dawa ya mbegu, na sijui nani alimfundisha nani.

Katika njaa ile mama alishusha mabunzi juu ya meko jozi moja baada ya nyingine. Kula mbegu ni aibu kubwa kwa mkulima, na alikuwa akiyashusha mimi na bibi tukiwa nje. Siku aliyoshusha jozi ya mwisho bibi alikuwepo, na aliugeuza uso ukutani. Mbegu ile bibi aliipokea kwa mama yake, na mama yake aliipokea kwa wa kwake. Iliishia katika uji wa mdogo wangu, na uji wenyewe ulikuwa mwepesi.

Kwa hiyo bwana shamba alipokuja na magunia, hakuna aliyemkatalia.

Alikuwa kijana wa bara, Mkristo, msomi, ana baiskeli na kaptura iliyopigwa pasi. Wengine walimcheka kwa Kiswahili chake, ambacho kilikuwa kimenyooka mno, kama cha kitabuni. Mimi sikumwona kuwa mtu mbaya wakati ule na hata sasa simwoni hivyo. Aliwaamkia wazee wote mmoja mmoja kabla ya kufungua gunia. Ilikuwa barazani kwa jumbe, na watu walijipanga mpaka barabarani. Alipofungua, watu wakasogea kutazama. Mahindi yalikuwa mekundu, rangi ya kucha zilizotiwa hina.

"Hii imetiwa dawa," alisema. "Mdudu hataila, mchwa hataigusa. Tieni punje mbili kila shimo, inatosha, zote zitaota. Lakini si ya kula. Narudia, wazee wangu, mbegu hii si ya kula. Itakayobaki mnirudishie."

Tulisikia. Nimesikia watu wakisema baadaye kwamba hatukuambiwa, na huo ni uongo. Tuliambiwa mara mbili kwa sauti ya kufika nyuma. Ila mwaka wa njaa, mtu wa serikali akikupa mahindi akasema usiyale, unaelewaje? Tulielewa kwamba serikali inajua tuna njaa, inaogopa tutaitia mbegu tumboni badala ya ardhini, na halafu inataka kilichobaki kirudi. Njiani bibi alisema, "Choyo cha mke mwenza. Anakukaribisha, halafu anahesabu matonge." Wanawake wakacheka, na mama akacheka, na nilifurahi kwa kuwa sikuwa nimeusikia ule mcheko siku nyingi.

Na ile rangi? Ile rangi ilikuwa dawa ya mbegu. Tulikuwa na dawa ya mbegu maisha yetu yote. Hakuna aliyemwuliza bwana shamba kama inatoka ikioshwa. Swali hilo halikuwa na mahali pa kutokea katika vichwa vyetu, na jibu lake halikuwa na mahali pa kutokea katika kichwa chake. Yeye hakujua ndiga, hakujua utupa. Sisi hatukujua mambo ya kiwandani. Nimewaza jambo hili miaka mingi na bado napandwa na hasira, lakini sijapata wa kumshika.

Mvua ikaja, mvua ya kweli, na tukapanda.

Kwetu kupanda kulifanywa kwa ujima. Leo majirani wanakuja kwako, kesho unakwenda kwao. Siku yetu ilikuja asubuhi yenye mawingu, bibi akasoma Fatiha pembeni mwa shamba, tukashika majembe. Mama alitangulia akichimba, mimi nilifuata nikidondosha punje mbili mbili na kufukia kwa mguu. Mdogo wangu alikaa chini ya kibanda cha kuamia ndege, juu ya kipande cha mkeka. Tulizoea kutia punje nne kila shimo, kwa sababu ndege wana sehemu yao, na mchwa, na ya kuoza, na yetu. Mkono wangu ulitaka nne. Kila mara ilibidi niurudishe.

Ndiyo maana mbegu ilibaki. Miaka mingine ilibaki konzi moja, konzi mbili. Mwaka ule tulifika mwisho wa shamba na kikapu kina karibu nusu.

Hapa pana desturi ya ukoo wetu, na sijaiona mahali pengine, ingawa nimeolewa Miono na nimeishi Mapinga. Mbegu iliyotolewa nyumbani kwenda kupandwa hairudi nyumbani. Inayobaki inakaangwa pale pale shambani kwenye kigae, kwa chumvi, na kila aliyeshika jembe anakula kidogo kabla ya kuondoka. Bibi alisema ukiirudisha ndani unaiambia ardhi kwamba huiamini. Na anayeanza kula ni mdogo kuliko wote waliopo, kwa maana ndiye atakayekula shamba hilo muda mrefu zaidi.

Alipokiona kile kikapu, mama alimtazama bibi. Nilijua wanachowaza wote wawili. Nusu kikapu cha mahindi, katika mwaka ule.

Bibi akakichukua mpaka kijitoni, nami nikamfuata na kibuyu. Aliosha vizuri. Nasema hivi kwa sababu watu walisema baadaye kwamba mzee yule alikuwa na haraka. Hakuwa na haraka. Maji yalitoka mekundu, akamwaga. Akasugua punje kwa mchanga, maji yakatoka ya waridi, akamwaga. Akaosha mpaka maji yakawa meupe kama yalivyotoka kijitoni, na punje zikarudi kuwa mahindi. Kisha akaweka moja kwenye ulimi, akafumba macho, akasubiri, kama alivyofanya kwa ndiga.

"Haina uchungu," akasema.

Sumu zote tulizozijua zilikuwa chungu. Ile haikuwa na ladha.

Mahindi yakakaangwa, harufu ikatanda shamba zima. Majirani walikula konzi moja moja kwa heshima, wakijua hali yetu, na wengi walisema wameshiba na kuondoka mapema ili yabaki mengi. Bibi alikula kidogo. Mimi nilipewa ya kwangu nikala kwa kuyahesabu, punje moja moja, ili yasiishe. Lakini wa kwanza alikuwa mdogo wangu. Meno yake hayakuweza punje ngumu, basi mama akamtafunia. Alitia punje mdomoni, akatafuna mpaka ikawa laini, akampa kwa kidole. Akatafuna tena, akampa tena. Kila alichotafuna alimpa. Mtoto alifungua mdomo kabla ya kidole kufika. Akaanza kupiga kelele za kudai, kelele ambazo tulikuwa tumezisahau, na mama akawa anatafuna haraka haraka huku machozi yanamtoka na anacheka. Alikula mpaka akageuza uso mwenyewe. Alishiba.

Tulirudi jua likiwa bado juu. Mama alimbeba mgongoni kwa kanga, nami nilikuwa nyuma yao na majembe. Njiani mama alisema, "Tazama, anarukaruka. Amepata nguvu." Nami nilitazama, nikaona mguu wake unaruka, nikafurahi. Tulikwenda hatua chache na mguu ukaendelea kuruka, na mwingine, na kichwa kikaanguka nyuma, na macho yake yakawa meupe.

Kilichofuata sitakieleza kirefu. Walidhani ni degedege, kwa sababu ndivyo degedege inavyokuwa. Walimfanyia yote ya degedege, moshi, maji, Yasini. Inakuja, inamwachia, inakuja tena. Mama alimshika na mikono yake mwenyewe ilikuwa inatetemeka, na wakati ule tulifikiri ni hofu. Bibi alikuwa amekaa mlangoni anatapika. Ndipo jirani mmoja akapita mbio kusema mumewe ameanguka uani akitokwa povu, na nikaona bibi anainua kichwa na kumtazama mama. Alikuwa ameelewa. Kabla ya adhana ya magharibi mdogo wangu alikuwa amekufa.

Yule mume wa jirani alipona. Wote walipona, hata bibi, hata mimi niliyeumwa kichwa kwa siku kadhaa na kuona mwanga ukicheza. Walikula konzi moja. Mtoto tulimshibisha.

Bibi ndiye aliyemwosha. Wanawake wengine walitaka kumpokea kazi ile, kwa kuwa alikuwa hajiwezi, akawakatalia kwa kutikisa kichwa. Alimwosha polepole, kila kidole. Nilikuwa nashika chombo cha maji, na maji yale yalitoka meupe tangu mwanzo. Baada ya siku ile bibi hakuosha tena nafaka yoyote nyumbani kwetu. Kama kuna mchele wa kuoshwa, alitoka nje.

Bwana shamba alikuja katika siku za matanga. Alikuja akikokota baiskeli, hakuipanda, na kofia yake alikuwa ameishika mkononi. Nafikiri alitegemea kupigwa. Wanaume walimpa nafasi kwenye jamvi, akakaa, akapewa kahawa asiinywe. Mwishoni akaomba kuonana na wafiwa, akaletwa uani.

"Shikamoo bibi," akasema. "Poleni sana."

"Marahaba, mwanangu," bibi akajibu, kwa sauti ya kila siku.

Akasimama pale. "Niliwaambia," akasema. "Mama, niliwaambia si ya kula. Niliwaambia mara mbili."

"Ulituambia," mama akasema.

"Niliiosha," bibi akasema. "Mwanangu, niliiosha mpaka maji yakawa meupe."

Yule kijana akamtazama bibi, na nikaona ndiyo kwanza anafahamu tulichofikiri. Akafungua mdomo kueleza kwamba dawa ile haitoki kwa kuoshwa, akaufunga. Akakaa chini mavumbini na kaptura yake ya pasi akaanza kulia kwa sauti, mtu mzima, mgeni, na ikabidi mama yangu, mfiwa, aondoke alipokaa aende kumpa maji ya kunawa uso. Nilimchukia kwa hilo. Nilitaka machozi yale tuachiwe sisi.

Hakurudi tena. Waliletwa wengine baada yake.

Shamba likaota. Nilitamani lisiote. Kila shimo lilitoa miche miwili, sawa sawa, mistari imenyooka, hakuna pengo hata moja. Kazi yangu ya miaka yote baada ya kupanda ilikuwa kuamia ndege, kukaa kibandani na kombeo kuanzia alfajiri, kwa sababu tetere na kanga huja kufukua punje. Mwaka ule sikuamia. Tetere walikuwa wamelala kwenye matuta, wamekunja miguu, na hata kunguru hakuwagusa. Niliwazika ili mama asiwaone, na aliwaona.

Majirani walianza kuzungumza. Wengine waling'oa mahindi yao yote na kupanda mtama wa kuomba kwa jamaa. Wengine waliapa hawatayala lakini hawakuyang'oa. Wakaja kumshauri mama aling'oe lake, kwa sababu haifai, kwa sababu ni kama kula kaburi. Mama aliwasikiliza wote akiwa anakwatua jembe.

"Nikiling'oa tutakula nini?" akauliza.

Akalibeba jembe begani, akaenda kupalilia. Alipalilia lile shamba vizuri kuliko alivyowahi kupalilia lolote. Mimi nilikuwa namfuata nikiwa na hofu ya mama yangu mwenyewe. Siku moja alisimama katikati ya mahindi yaliyokwisha kumpita kimo, akashika jani, akasema bila kunitazama, "Mazuri, eti? Wallahi ni mazuri." Akaendelea kulima. Yalikuwa mazuri. Sijaona mavuno kama yale tena.

Yalipofika kuliwa mabichi, alivunja bunzi la kwanza akalichoma mekoni. Bibi alikuwa amekaa kwenye kigoda akitazama. Sote tulijua desturi. Cha kwanza kutoka shambani nacho huanza kuliwa na mdogo wa nyumba, na mdogo wa nyumba sasa nilikuwa mimi. Mama akanyoosha mkono na lile bunzi, likiwa bado linatoa moshi, nikalipokea. Njaa ilikuwa inaniuma kweli. Nilipolipeleka mdomoni alinipokonya kwa nguvu mpaka likanichubua mdomo.

Akauma yeye. Akatafuna, akameza, akauma tena, mpaka akalimaliza lote, akaweka gunzi chini. Kisha akakaa, mikono magotini, akingoja. Alikaa hivyo kuanzia mchana mpaka jua likaegemea, akijitazama vidole. Bibi hakumlaumu kwa kuvunja desturi. Mimi nilikuwa nalia kwa njaa na kwa kutoelewa. Jioni akanyanyuka, akachoma bunzi la pili, akapuliza, akanipa.

"Kula," akasema. "Hayana kitu."

Nilikula. Yalikuwa matamu, Mungu anisamehe.

Mavuno yalipokauka, mama alichagua mabunzi manene, akayafunga mawili mawili na maganda yake, akayatundika juu ya meko, mahali palepale ambapo palikuwa patupu. Alifanya hivyo mbele ya bibi. Hatukuwa na mbegu nyingine. Mwaka uliofuata tulipanda hayo, kwa majivu na utupa, punje nne kila shimo, nami nikarudi kibandani kuamia ndege, na ndege walikuja. Bibi hakuja shambani siku ya kupanda. Kilichobaki kikapuni mama alikifukia pembeni mwa shamba, na tangu hapo ndivyo tunavyofanya.

Serikali iliendelea kuleta, Waingereza na waliowafuata: dawa ya pamba, dawa ya ghala, mabomba ya kubeba mgongoni. Wenzetu walizichukua, wengine wakafaidika, na sitadanganya kwamba hawakufaidika. Utupa ukang'olewa mipakani kwa kuwa ulionekana uchafu. Mama hakuchukua chochote. Watu walimwita mbishi na mshamba, na wachache waliojua sababu walinyamaza. Kwa hiyo nilipourithi ule upandaji, niliurithi kama woga. Haukuwa hekima. Mama yangu hakulima hivyo kwa kuipenda ardhi; alilima hivyo kwa sababu hakuweza tena kushika kitu ambacho hakijui kinaoshwaje.

Ndiyo maana siwaelewi hawa wageni wanaponiambia kwamba dunia sasa inarudi kwetu. Inarudi wapi? Mapinga nilikoishi mashamba yamekatwa viwanja, na wanunuzi wanapanda kuta badala ya mbegu. Na hao vijana wenyewe wakinieleza mambo yao, vyeti, masoko ya nje, mafunzo ya siku nzima hotelini, naona wanasema kwa sauti ya kufika nyuma, mara mbili, na hawaulizi mwanamke aliyekaa mbele yao ameelewa nini. Labda watafanikiwa. Wana nia njema. Yule wa baiskeli pia alikuwa nayo.

Mwezi uliopita alikuja binti mmoja, mpole, na mtoto wake wa kike aliyekuwa ameota meno juzi tu. Nilimpeleka jikoni, akatazama juu ya meko, akayaona mabunzi meusi. Aliyashika kwa mikono miwili kwa adabu. Akaniambia kwamba wametafuta mkoa mzima, na hii ndiyo mbegu ya asili wanayoitaka, mbegu ya mababu, ambayo haikuguswa na sumu hata siku moja. Akaomba jozi moja. Nilimpa. Niliufungua mdomo, nikaona uso wake ulivyojaa furaha, nikaufunga.

Ilikuwa msimu wa mahindi mabichi, basi nikamchomea mtoto bunzi. Binti akalipokea, akang'oa punje laini, akainama kumpa mwanawe, na yule mtoto akafungua mdomo kabla ya kidole kufika.

Nikalinyakua lile bunzi mkononi mwake, nikaanza kula mimi. Alishtuka, kisha akacheka kwa heshima. Alifikiri nina njaa.